Kile angani ni nini? Dalili, vyanzo na namna ya kuhakikisha

Swali la "ile nyota inayong'aa sana ni ipi?" halijibiki peke yake. Linahitaji mambo manne: ulikuwa wapi, ilikuwa saa ngapi, kitu kilikuwa upande gani na juu kiasi gani, na je, kilikuwa kinakwenda au kimetulia. Rangi na ukali wa mwanga, ambavyo ndivyo watu huanza navyo, viache mwisho, kwa sababu hewa tunayotazamia hubadilisha vyote viwili.

Urefu kutoka upeo wa macho upime kwa mkono. Nyoosha mkono mbele, kunja ngumi, funga jicho moja: upana wa ngumi yako ni nyuzi 10 hivi. Ngumi tisa zinakufikisha utosini. Kipimo hiki hakihitaji chaji wala bando, na anayesema "ngumi tatu juu, upande wa kusini, saa 2 usiku" ameshalimaliza swali lake karibu lote.

Haya yote yameandikwa kwa anayetazama akiwa Afrika Mashariki, karibu na ikweta.

Kinakwenda taratibu, hakipepesi, kisha kinafifia katikati ya anga

Ni satelaiti. Hukatiza anga kwa dakika chache tu, kwa mwendo usiobadilika, na haina taa. Unachokiona ni mwanga wa Jua unaoakisiwa na mwili wake. Kule kuzimika ghafla kunakowatisha watu ndiko kunakoithibitisha: imeingia kwenye kivuli cha Dunia. Inayong'aa kuliko zote ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilicho kilomita 400 hivi juu yetu, kinachomaliza mzunguko mmoja kwa dakika 90 hivi.

Kwetu Jua huzama karibu wima, na kivuli cha Dunia hupanda upesi. Kwa hiyo satelaiti za chini huonekana zaidi katika saa mbili hivi baada ya Jua kuzama na saa mbili hivi kabla halijachomoza. Ukiona kitu cha namna hiyo saa 6 usiku, anza kwa kushuku ndege.

Msururu wa taa, kama shanga kwenye uzi

Starlink, satelaiti za intaneti. Kundi la kwanza, satelaiti 60, lilirushwa Mei 2019, na tangu hapo yamefuata mengi. Msururu huonekana siku chache tu baada ya kurushwa, kabla satelaiti hazijapanda na kutawanyika. Wiki mbili tatu baadaye hutaupata tena, hata ukikesha.

Kinakwenda kikipepesa, au kimesimama kikali kisha kikageuka

Ndege. Taa nyekundu iko bawa la kushoto, ya kijani la kulia, na nyeupe hupepesa. Inayokuja moja kwa moja upande wako ikiwa imewasha taa za kutua huonekana kama nyota kali isiyosogea kwa dakika kadhaa. Wakazi wa Kipawa na Embakasi, walio jirani na viwanja vya ndege, hawahitaji kuelezwa. Mwingine yeyote asubiri dakika tano kabla ya kuita majirani.

Kimepita kama mshale na kuzimika

Kama ni sekunde moja au mbili, ni kimondo: punje ya mwamba au vumbi iliyoingia kwenye hewa kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa sekunde. Kama kilichukua nusu dakika au zaidi, kikienda polepole huku kikimeguka vipande vinavyofuatana, hicho si kimondo bali mabaki ya roketi au satelaiti iliyokwisha kazi. Mwendo ndio unaovitofautisha. Ukubwa wa mwanga haukusaidii.

Vingi vya vitu hivi huungua vyote angani, lakini si vyote. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, na Shirika la Anga la Kenya likaeleza kuwa ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Ukikuta chuma cha aina hiyo shambani, usikiguse, toa taarifa.

Nyota imesimama lakini inachezacheza, au inatufuata barabarani

Hapa kuna vyanzo vitatu, na vyote viko upande wetu, si upande wa nyota.

Cha kwanza ni jicho. Nukta moja ya mwanga ndani ya giza tupu, ukiikodolea kwa dakika nzima, itaonekana inaelea kulia na kushoto, kwa kuwa jicho halina kitu kingine cha kushikilia. Simama mahali ambapo nyota inagusa pembe ya paa au kuti la mnazi, tulia dakika mbili. Kama bado inagusa palepale, haikwenda popote.

Cha pili ni hewa. Sirius, nyota kali kuliko zote za usiku, ikiwa chini karibu na upeo wa macho hubadilika nyekundu, buluu, kijani, nyeupe, mara kadhaa kwa sekunde. Mwanga wake mweupe unapita kwenye tabaka nene la hewa inayotikisika na kupindishwa rangi moja moja. Wengi wa wanaoripoti "droni ya rangi nyingi" nyakati za jioni za Desemba na Januari, upande wa mashariki, wanaitazama Sirius. Irudie baada ya saa tatu: itakuwa juu, nyeupe, imetulia.

Cha tatu ni mwendo wako mwenyewe. Miti iliyo karibu na barabara inarudi nyuma, sayari ya Zuhura iliyo mbali mamilioni ya kilomita hairudi, basi abiria anaona inamfuata. Simamisha gari.

Imetulia, haimetimeti, inang'aa kupita zote

Karibu kila mara ni sayari. Nyota ni nukta, hivyo hewa huitikisa. Sayari kwenye darubini ni kisahani, na mitikisiko ya kisahani hufutana. Kanuni hii hushindwa chini ya ngumi mbili kutoka upeo wa macho, ambako hata Mshtarii humetameta, kwa hiyo usiitegemee huko.

Kipimo kilicho bora zaidi ni njia. Sayari zote hufuata njia ileile ya Jua na Mwezi, na kwetu njia hiyo huanzia mashariki, hupita juu kabisa au karibu na utosi, na kuishia magharibi. Nyota kali iliyosimama kusini kabisa si sayari, hata ing'ae vipi. Januari hadi Aprili jioni watu huuliza ni sayari gani ile ya kusini. Ni Suheli, ya pili kwa mng'ao baada ya Sirius, ambayo mabaharia wa pwani waliitumia kuushika upande wa kusini.

Zuhura haiachani na Jua zaidi ya nyuzi 47, yaani chini ya ngumi tano. Itafute magharibi baada ya Jua kuzama au mashariki kabla halijachomoza, na usiitafute usiku wa manane. Hivyo nyota kali mno, nyeupe, iliyo utosini saa 6 usiku haiwezi kuwa Zuhura; kama si Sirius, mara nyingi ni Mshtarii. Hakikisha kwa darubini ya macho mawili, ya 10x50 kwa mfano, ukiegemeza viwiko ukutani: Mshtarii huwa na nukta ndogo pembeni, zimejipanga mstari mmoja. Ni miezi ile minne aliyoiona Galileo mwaka 1610. Ukihesabu mitatu au miwili, darubini haina kasoro. Mmoja uko mbele ya sayari au umejificha nyuma yake, na Io, ulio karibu zaidi, huzunguka kwa saa 42 hivi tu, kwa hiyo kesho mpango utakuwa mwingine.

Mirihi ndiyo inayosumbua. Kila baada ya miezi 26 hivi huwa karibu nasi na kung'aa sana, kisha hufifia hadi ikalingana na nyota ya kawaida nyekundu. Hapo huchanganywa na Antares, iliyo kifuani mwa kundi la nyota la Nge, au Aldebaran, iliyo jirani na Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo. Tazama kwa majuma mawili: Mirihi itakuwa imesogea kulinganisha na nyota za jirani, hizo mbili hazitasogea. Zohali ni ya manjano iliyopauka, haina makeke, na wengi huipita.

Programu ya simu inasema kitu kingine kabisa

Simu haioni nyota. Inajua mahali, saa na upande ilikoelekezwa, kisha inachora. Upande ndio unaoharibika: dira ya simu hupotoshwa na kava lenye sumaku, gari, spika, au nondo za sakafu ya ghorofa. Toa kava, ondoka pembeni mwa chuma, chora umbo la nane hewani kwa simu mara kadhaa. Kisha ijaribu kwa kitu usichoweza kukikosea, yaani Mwezi. Kama Mwezi wa kwenye kioo na wa angani haukai mahali pamoja, usiamini jina lolote programu inalokupa usiku huo.

Kama mchoro wote ni mgeni, nyota ulizonazo juu ziko chini ya ardhi, basi programu imenyimwa ruhusa ya kujua mahali na inakuonyesha anga la mji wa ng'ambo. Stellarium na nyingine hukuruhusu kuandika mji kwa mkono.

Nyota niliyoizoea imepotea

Haikupotea. Kila nyota huchomoza dakika nne hivi mapema zaidi kuliko jana yake, sawa na saa mbili kwa mwezi. Jabari, mwenye nyota tatu za mkanda, ni wa jioni za Desemba hadi Aprili. Nge ni wa Juni hadi Septemba. Mmoja akiwa juu, mwingine yuko chini ya miguu yetu. Kilimia huzama pamoja na Jua kati ya Aprili na Mei, masika ikiwa bado, kikapotea kwa majuma kadhaa, kisha Juni kikaonekana mashariki kabla ya kucha, mvua ikiwa imekatika. Wakulima walishaliweka sawa: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Siipati Nyota ya Kaskazini

Usiitafute. Urefu wake juu ya upeo wa macho ni sawa na latitudo yako ya kaskazini. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo nyota hiyo haichomozi. Nairobi nayo haiipati. Ndugu yako aliye Muscat anaiona ngumi mbili na zaidi juu ya kaskazini, na ndiyo maana maelekezo anayokutumia hayakufai.

Sisi tuna njia mbili. Mkanda wa Jabari huchomoza karibu mashariki kamili na kutua karibu magharibi kamili, na hilo ni kweli karibu popote ulipo duniani. Kwa kusini kuna Msalaba wa Kusini, ambao jioni za Aprili hadi Juni ndizo zake. Urefushe mhimili wake mrefu mara nne na nusu kuelekea upande wa mguu, kisha shuka wima hadi ardhini: hapo ndipo kusini.

Ukifika mahali pasipo kusini, huenda umeshika msalaba usio wenyewe. Kuna nyota nyingine nne, kati ya Suheli na Msalaba wa kweli, zenye umbo hilohilo lakini kubwa zaidi na hafifu. Msalaba wa kweli una mashahidi wawili wakali ubavuni, Alpha na Beta Centauri. Usipowaona hao, endelea kutafuta.

Mwezi umelala, na vitabuni umesimama

Vitabu vingi vimechorwa kwa watu wa Ulaya. Kwetu njia ya Jua ni ya wima, kwa hiyo upande wa Mwezi uliomulikwa huelekea chini, na pembe huelekea juu kama dau.

Hali hiyohiyo inasaidia kuukagua mwezi mwandamo. Pembe za hilali sikuzote huelekea kinyume na Jua lilipozama. Utepe mweupe wenye ncha zilizoinama chini ni kipande cha wingu au moshi wa ndege uliomulikwa. Kama Mwezi bado uko chini ya nyuzi 7 kutoka kwenye Jua, hakuna jicho litakalouona hata anga liwe safi vipi, na ukiwa na umri wa chini ya saa 15 tangu kukutana na Jua, kuuona kwa macho ni jambo la nadra mno. Anza kutafuta kama robo saa baada ya Jua kuzama, juu ya pale lilipozamia. Darubini usiielekeze huko kabla Jua halijazama lote. Jicho halina spea.

Mwezi ukiwa mwekundu wote, kama ulivyokuwa usiku wa 7 Septemba 2025 kuanzia saa 2:30 hadi karibu saa 4 kwa saa zetu, ni kupatwa: mwanga pekee unaoufikia umepenya kwenye hewa ya Dunia, ambayo huutawanya buluu na kuuacha mwekundu. Mwekundu karibu na upeo wa macho tu, ni vumbi na moshi.

Wingu dogo lisilosogea, na mwanga kabla ya alfajiri

Hizi ni dalili mbili ninazozipenda, kwa sababu aliye mjini hawezi kuwa nazo.

Ukiwa Kilwa, Pemba, au popote penye giza la kweli, jioni za Desemba hadi Februari utaona upande wa kusini kipande cha wingu hafifu, chini ya ngumi tatu kutoka upeo wa macho, na kingine kidogo jirani yake. Mawingu mengine yanapita, haya hayapiti. Ni galaksi mbili, Mawingu ya Magellan. Lile kubwa liko umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi. Kuhakikisha ni rahisi: rudi kesho saa ileile, litakuwa palepale. Nyota iliyolipuka ndani yake, ikaonekana Februari 1987 kwa macho matupu, ndiyo ya karibu zaidi kuonekana hivyo tangu darubini ianze kutumiwa angani.

La pili ni mwanga wa umbo la pembetatu unaosimama mashariki saa moja na nusu hivi au zaidi kabla ya Jua kuchomoza, mpana chini, mwembamba juu, umeegemea njia ya sayari. Watu hudhani kumekucha, au kuna mji mkubwa ng'ambo ya bahari. Chanzo chake ni vumbi lililotapakaa kati ya sayari, linaloakisi mwanga wa Jua. Wanazuoni wa fiqhi waliutenga zamani na kuuita alfajiri ya uongo, na kipimo chao kinafanya kazi hadi leo: huu husimama wima kisha hufifia, alfajiri ya kweli hutanda kwa mapana kwenye upeo wote wa mashariki. Kwetu unaweza kuonekana karibu mwaka mzima, kwa sababu njia ya sayari daima ina mwinuko mkali; nchi za kaskazini huubahatisha kwa misimu.

Naona nyota ishirini tu

Zima simu. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 gizani, na mwanga mmoja wa ujumbe wa WhatsApp hukurudisha mwanzo. Tumia tochi iliyofungwa karatasi nyekundu. Angalia pia kalenda: Mwezi mpevu hufuta Njia Nyeupe, ule utepe hafifu wa nyota, popote ulipo. Na usipange safari kwa msimu wa mtu mwingine. Juni hadi Septemba ni nzuri Dar es Salaam na Dodoma, lakini Nairobi Julai hufunikwa na mawingu mazito. Huko Januari na Februari ndiyo zenye nafasi.

Nukta ya kijani kwenye picha ya Mwezi

Ni mwanga uliodunda ndani ya lenzi ya simu. Sogeza simu: nukta itakimbilia upande wa pili wa picha.

Darubini mpya haionyeshi kitu

Boksi limeandikwa "525x" na umeanza na lenzi ya jicho ndogo kuliko zote. Ndiyo sababu. Ukuzaji ni urefu wa fokasi wa darubini ukigawanywa kwa ule wa lenzi ya jicho: milimita 700 kwa 25 ni mara 28, na hapo ndipo pa kuanzia. Kioo cha milimita 60 hakibebi zaidi ya mara 120 hivi. Kinachozidi ni ukungu uliokuzwa. Namba ile ya boksini ipo kwa ajili ya kuuza.

Kama giza ni totoro hata kwa mara 28, darubini ndogo ya kulengea haiko sambamba na kubwa. Ilinganishe mchana, kwa mnara wa simu ulio mbali, upande usio na Jua. Picha ikiwa juu chini, iache; angani hakuna juu wala chini, na ndivyo zilivyotengenezwa.

Picha ikichemka, usitazame juu ya paa la bati la jirani wala kupitia kioo cha dirisha. Ikiwa Zohali haina pete, kumbuka kuwa Machi 2025 zilitugeukia kwa ubavu, nyembamba kupita darubini nyingi. Zinafunguka mwaka hadi mwaka hadi mwanzoni mwa miaka ya 2030. Na ikiwa nebula ya Jabari, yaani wingu lake la gesi, ni ya kijivu badala ya waridi, jicho gizani halioni rangi. Kamera iliyokusanya mwanga kwa saa nzima ndiyo iliyokuonyesha waridi.

Lenzi ikifunikwa na ukungu papo hapo, umeitoa chumba chenye kiyoyozi ukaiingiza kwenye unyevu wa pwani. Itoe nje nusu saa kabla, ikiwa na kifuniko chake. Usiifute kwa kanga wala fulana. Chumvi iliyotua juu yake itakwaruza kioo. Baada ya kutazama, iache ikauke kabisa ndani bila kifuniko, kisha ifungie kwenye boksi pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mombasa, Tanga na Unguja, kuvu ikishaota kati ya vioo viwili, fundi wa kuifungua ni wa kutafuta, na mara nyingi gharama yake inakaribia bei ya darubini.